Siku Wazazi Walipokwangua Ukuta wa Shule

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa mengine mengi yamenitoka. Siku hizi naingia jikoni nasahau nilichofuata, lakini asubuhi ile naikumbuka yote. Nilikuwa msichana bado, mwalimu asiye na cheti, nikafika shuleni nikawakuta wazazi wa wanafunzi wangu wakiibomoa shule kwa mikono yao wenyewe.

Nakusimulia haya kwa sababu ya simu uliyonipigia jana. Ulisema watoto wa gredi ya saba wamekimbilia mashimo mapya ya dhahabu, ukiwafuata wazazi wanakucheka, na nguo zako umeshazipanga kwenye begi. Nilikusikiliza nikakosa la kusema, maana nilikuwa nimechoka, na mtu mzima akichoka ulimi nao unataka kulala. Leo nimeamka na nguvu kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Hiyo shule unayotaka kuiacha haikuanza na kuta za mawe. Nilitoka kwetu Homa Bay nikaja Masara kwa sababu kanisa moja dogo lilitafuta mtu wa kukaa na watoto wakati wazazi wako mashimoni. Darasa lilikuwa ndani ya kanisa lenyewe. Watoto walipiga magoti chini, wakaandika juu ya benchi. Akina mama wa kanisa wakiwa na mkutano, nayo mikutano yao unaijua haina haraka, tulitoka nje tukawapisha, masomo yakaishia hapo.

Baadaye wazazi wakaona aibu. Kila boma likatoa mtu wa kujenga. Wanaume walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakaezeka mabati yaliyokwisha kutumika kwingine. Kukandika wakawaachia wanawake, kwa sababu enzi zile huku kwetu mwanamume hakandiki nyumba. Atachimba udongo, ataubeba, lakini kiganja chake hakigusi ukuta. Wanawake nao wakachukua udongo wa karibu, lile lundo lililokuwa limetupwa penye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Ulikuwa umeshasagwa na kuoshwa, laini kama unga wa wimbi, na ulishika fito vizuri ajabu. Siku hizi wataalamu wanasema una sumu. Sisi tungejuaje? Tukapata vyumba viwili, nikavitazama nikalia.

Basi akaja mnunuzi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, akatangaza kwamba lundo lile halijaisha dhahabu, na kwamba yeye ana dawa ya kutoa iliyobaki. Watu wakalimaliza lundo kwa makarai na magunia. Mvua ilikuwa imekataa mwaka ule, mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini tu. Lundo lilipokwisha, mtu fulani akakumbuka udongo mwingine wa lundo hilo ulikokwenda: kwenye kuta zetu.

Ndivyo nilivyowakuta. Chumba kimoja kilikuwa kimebaki fito tupu, ukisimama nje unauona ubao ndani. Aliyetangulia kwa jembe alikuwa Baba Atieno, mwenyekiti wa wazazi, ambaye nguzo za mlango ule alizisimamisha yeye.

"Baba Atieno," nikamwambia, "si hii ni shule ya mtoto wako?"

Hakuacha kukwangua. "Mwalimu, huyo Atieno unasema jana amelala na maji ya chumvi. Ama nimpatie chaki akule?"

Wenzake wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Nikaenda nikafunga nguo zangu kwenye leso, nikashika njia ya kwenda kutafuta gari la Suna ili nipate la kwetu. Watoto waliokuwa wamekuja na madaftari wakanifuata kidogo, kisha wakasimama. Sikugeuka nyuma.

Njia hiyo hupita kwa Dani Perpetua. Dani ni nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa kila mtu pale. Alikuwa mjane aliyekata kipande cha shamba lake akasema watoto wajengewe, na kuta zile mbili alizikandika pamoja na wenzake akiwa na umri wa kukaa kitako. Alikuwa akianika mihogo. Akauona mzigo wangu akaelewa, maana habari ya ukuta ilikuwa imeshamfikia.

"Nyar nam," akaniita, binti wa ziwani, kama alivyoniita siku zote. "Umechoka ama umekasirika?"

Nikamwambia nimekasirika, tena sana, na watu wale hawastahili mwalimu.

"Ungekuwa umechoka ningekusindikiza mpaka kwa gari," akasema. "Mtu akichoka anaenda anapumzika, anarudi. Lakini wewe unaenda na hasira, hiyo njia unaifunga nyuma yako. Siku utataka kurudi, utapita wapi?"

Akageuza mihogo yake, kipande kimoja kimoja, mpaka nikaona ananichelewesha.

"Na jana, ulikula?"

Nilikuwa nimekula. Nilikula ugali na samaki wakavu ambao mama alinitumia kutoka ziwani, nikashiba, nikalala. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Msemo huo niliusikia tangu utotoni na nikaufundisha darasani, ila haikuwahi kunipitia kichwani kwamba mwenye shibe anaweza kuwa mimi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Tukarudi shuleni pamoja. Hakumgombeza mtu. Alikwenda akasimama mbele ya Baba Atieno, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Toeni yote, hata ya hiyo chumba ingine. Ni mimi nilikandika, na sikatazi mtu mwenye njaa. Lakini mwenye anakwangua ndiye anakandika. Leo hii, na udongo ya kichuguu. Si bibi yake. Yeye mwenyewe."

Wanaume wakatazamana. "Dani," Baba Atieno akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "mwanaume akandike?"

"Mkono imejua kubomoa kazi ya wamama, itashindwa kurudisha?"

Kumkatalia nyanya wa umri ule ni kujitakia laana, na hakuna aliyetaka kwenda nayo nyumbani. Wakachimba kichuguu, wakakanyaga udongo, wakakandika. Wake zao walikuja kuchota maji na kucheka, wakawafundisha namna ya kukunja kiganja. Ukuta ulitoka na mabonde na vilima, mwalimu mzima nikashindwa kutundika ramani. Dhahabu ile nayo ilileta unga wa siku chache, ukaliwa, ukaisha.

Lakini tangu siku ile, mtoto akiegemea ukuta ule alifukuzwa na wanaume wazima. Chumba cha tatu kilipohitajika walikuja bila kuitwa. Haba na haba, mwanangu, mpaka mawe, mpaka tangi la maji, mpaka gredi ya tisa unayofundisha leo.

Sitaki kukudanganya kwamba njaa iliisha au mashimo yalifungwa. Kila dhahabu ilipotajwa mahali, benchi zilibaki tupu. Atieno huyo huyo aliacha shule akiwa darasa la sita akaenda kuosha udongo. Nilikwenda kwao mara nyingi mpaka mbwa wao akaacha kunibwekea, na hakurudi. Mtoto wake ndiye aliyekuja, miaka mingi baadaye, akakaa benchi ya mbele. Niliporudi nyumbani siku hiyo sikujua nifurahi au nilie, nikalala na viatu. Nilichoka mara nyingi hivyo. Nikichoka nilikwenda Homa Bay kwa mama, nikala, nikalala mpaka mgongo unaniuma, nikarudi. Sikuwahi tena kuondoka kwa hasira.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kabla hujafunga begi lako, jiulize swali la Dani, na ujijibu ukweli. Ikiwa ni hasira, lifungue. Hasira hasara. Nenda kwa wazazi hao wanaokucheka, usiende na kiboko cha maneno, kaa nao kwanza ujue jana walikula nini. Kisha uwadai wanachopaswa kutoa, uwadai bila haya, kwa maana njaa ya mtu haimwondolei wajibu wake. Na ikiwa ni uchovu, njoo kwangu hapa Suna. Kitanda kipo na sitakuuliza neno. Utarudi ukiwa tayari.

Mungu akuzunguke huko uliko. Akupe wazee wa kukukalisha chini unapotaka kukimbia. Watoto waliokwenda awarudishe, na asipowarudisha hao, akuletee watoto wao. Na siku yako ya kuondoka kweli itakapofika, mwanangu, Mungu akujalie uondoke umechoka kama mimi, na njia ya kurudi iko wazi.