Kitunga cha Dilolo

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, binti yangu aliniwekea karatasi mezani kabla hata sijavua viatu. Yeye na wenzake wawili wa chuo wanataka kusafiri kwa treni likizo hii, kutoka hapa Kolwezi mpaka Dilolo, wakishuka njiani. Alikuwa amepiga mistari kwa rula: mji, siku ya kufika, mahali pa kulala, mahali pa kwenda mchana na kurudi. Mutshatsha kulala mara moja, Kasaji mara mbili, Dilolo mara mbili. Kazi safi ya mtu aliyesoma. Nikaifuata kwa kidole mpaka chini, na pale Dilolo, kwenye safu ya kulala, nikakuta ameandika: "Hoteli, tutatafuta."

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti.

"Mama, niliandika mubaya?" aliuliza.

"Ukilala ku hoteli kule Dilolo, mi na wewe tutafukuzwa mu jamaa."

Akadhani namtania. Ngoja nikusimulie na wewe kama nilivyomsimulia yeye, halafu utaniambia kama nilikuwa natania.

Nilikulia Dilala, hapa hapa Kolwezi, kwa nkambo, ndivyo huku tunavyowaita bibi zetu. Nyumba ilikuwa ya matofali, moja ya zile zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, na ilikuwa na baraza ya saruji nyekundu ambayo nilipaswa kuisugua kila Jumamosi mpaka ing'ae. Asubuhi king'ora cha mgodi kilituamsha sote, wenye kazi na wasio na kazi. Mchana baruti zililipuka upande wa mgodi wa Mashamba, vioo vikatetemeka, na nkambo akanyoosha mkono kuishika sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, bila hata kukatiza maneno yake. Mimi nilitwanga majani ya muhogo ya sombe, nilichekecha unga, nilipuliza makaa. Nilikuwa na miaka minane na sikumbuki kama nilikuwa na shida yoyote duniani.

Kiangazi kilipoanza, asubuhi zikawa za baridi na vumbi likageuza nguo zote kwenye kamba kuwa na rangi moja, nkambo alishusha vitunga vitatu kutoka ukutani jikoni. Vilikuwa vitunga vikubwa vya matete, vyenye mishikio miwili. Alivipanga barazani kwa mstari: Mutshatsha, Kasaji, Dilolo. Hiyo ndiyo ilikuwa ratiba yetu. Treni yenyewe haikuwa na saa ya kuaminika. Ilipofika ndipo ilikuwa imefika. Kwa hiyo nkambo hakupanga safari kwa saa, alipanga kwa watu. Mutshatsha alikuwepo mwanawe wa kiume, mwalimu. Kasaji alikuwepo bintiye. Dilolo, mwisho wa reli, alikuwepo mdogo wake wa kike wa damu, msukaji wa vitunga, ambaye ndiye aliyevisuka hivyo vitatu.

Kila kitunga alikijaza unga, chumvi, sabuni, sukari kidogo. Kazi yangu ilikuwa kukifunika kwa kitambaa na kukishona pembeni kwa sindano ya magunia. Kisha alikuja mama wa samaki, mchuuzi aliyekuwa akipanda na kushuka reli ile mwaka mzima, akilala juu ya magunia yake, na akaviteremsha kimoja kimoja kwenye kituo chake. Alipopita kurudi Kolwezi, alituletea vitunga, na hapo ndipo nkambo alisoma majibu. Kitunga kikirudi na kitu ndani, maana yake kuyeni, njooni, kitanda kipo. Maharage kidogo ni kulala mara moja. Karanga za maganda kitunga kizima ni kukaa mpaka mnachoka. Kuku aliye hai ni kwamba hata mkichoka hamtoki. Matembezi ya mchana nayo yalipangwa humo humo: asali kutoka Mutshatsha ilimaanisha mjomba atatupeleka shambani kwenye mizinga na kuturudisha kabla ya jua kuzama, na machungwa ya Kasaji yalimaanisha mama mdogo ameshaomba ruhusa tuingie bustani ya misioni.

Kitunga cha Dilolo kilikuwa kimerudi kitupu miaka mitatu mfululizo.

Sababu niliijua, kila mtu kwetu aliijua. Kabla ya hapo nkambo alikwenda Dilolo kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Treni ilifika alfajiri. Badala ya kumwamsha mdogo wake, akalala kwa mama mmoja wa kanisa karibu na kituo, akaoga, akanywa chai, ndipo akaenda kumsalimu mdogo wake asubuhi hiyo, amependeza, mikono mitupu bila mzigo. Mdogo wake alimtazama, akaona hakuna mzigo, akaelewa mzigo umelala wapi. Alimpa maji ya kunywa akiwa amesimama. "Unapita ku mulango yangu, unalala kwa bantu," alimwambia, na hayo tu.

Tangu siku hiyo safari zetu ziliishia Kasaji. Nkambo hakuweza kushuka Dilolo na kulala kwingine mara ya pili, na hakuweza kubisha kwenye nyumba ambayo haijamwita. Kila mwaka aliongeza vitu: mwaka wa kwanza sukari zaidi, wa pili kitenge kipya, wa tatu maziwa ya kopo na sabuni ya marashi. Kitunga kilirudi kitupu, kitambaa kimefuliwa na kukunjwa vizuri ndani. "Alibipokea byote," mama wa samaki alisema, "hakusema kintu." Nkambo alijibu, "Haina neno," akakitundika ukutani. Siku hizo bukari yake, ugali wetu, ilikuwa na mabonge, na sisi tuliila hivyo hivyo.

Mwaka wa nne magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Ngazi za behewa ni ndefu. Nilimsikia akimwambia mama wa samaki barazani, "Mwaka hii kama haitike, mi sitafika tena Dilolo. Nitakufa sijamuona." Alisema kama mtu anayetaja bei ya mchicha, lakini mimi nilitaka kulia.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Vitunga vitatu vitupu kwa mstari barazani, unafikiri watoto wa mtaa waliviona vitunga? Vilikuwa mabehewa. Mtoto wa jirani akawa dereva, dada yake akawa anauza vitumbua visivyokuwepo, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenye nyumba, nikachagua kuwa abiria wa behewa la mwisho. Tulipita Mutshatsha salama. Tulipita Kasaji. Tulipoikaribia Dilolo niliruka kidogo kwa furaha, na chini yangu kitunga kikalia praa, nikajikuta nimekaa kwenye saruji baridi, kitunga kimenizunguka kiunoni.

Wenzangu walitoweka. Mimi nilichukua uzi wa gunia na sindano yangu ya kazi, nikashona lile tundu huku jasho linanitoka. Kisha nikafunika aibu yangu kwa karatasi ya mfuko wa simenti, nikamwambia nkambo nimetandika ili unga usichafuke. Alinisifu. Alimwambia hata jirani kwamba mtoto huyu sasa ana akili ya nyumba.

Karatasi ile ilifika mbali kiasi gani sijui. Mama wa samaki alitueleza baadaye kwamba alipokishusha kitunga Dilolo, sabuni, chumvi na sukari vilikuwa vimeangukia njiani, na kilichobaki ni kitambaa, uzi wangu wa gunia, na unga wa kutosha uji wa mtu mmoja. Ndivyo alivyomkabidhi mdogo wa nkambo.

Siku aliporudi tulimwona tangu mbali, na hakuwa anatembea kama kawaida yake. Kitunga kilikuwa kichwani kimemlemea, na kila mkono una mfuko. Alipokitua, kuku akapiga kelele ndani. Chini ya kuku kulikuwa na samaki wakavu, uyoga mkavu, viazi vitamu, chupa mbili za asali na karanga ambazo hazikuisha kutoka. Mama wa samaki alikaa chini, akavuta pumzi, akatoa ujumbe kama alivyoagizwa.

"Anasema: yaya wangu anateswa na njala, na hanambie. Akuye mbiyo. Akuye akule."

Yaya, huku kwetu, ni dada mkubwa, yaani nkambo. Njala? Yeye, mwenye kabati ya sahani za maua, mwanamke mnene kuliko wote barabara yetu? Akakigeuza kitunga taratibu. Chini kulikuwa na kitako kipya, matete mabichi ya manjano yaliyosukwa kwa kubana, yameunganishwa na yale ya zamani yaliyokuwa meusi kwa moshi wa jikoni kwetu. Alikipapasa kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia.

"Nani aliikala mu kitunga yangu?"

Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Nilisubiri kupigwa mwiko. Badala yake nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia siku nyingi. Nkambo alikuwa ameketi kwenye baraza yangu iliyosuguliwa, miguu mbele, anacheka na machozi yanamtoka, na mama wa samaki anacheka naye bila kujua kwa nini. Alipomaliza, aliingia chumbani. Nilidhani anatafuta kitenge cha Jumapili. Alitoka na kile kilichofifia kuliko vyote, cha kupigia deki.

"Kama nina njala," alisema, "nivae njala."

Safari ile naikumbuka hatua kwa hatua. Watu wawili walimsukuma nkambo kupanda, mmoja alimvuta, na wote wanne walikuwa wanacheka. Behewa lilinuka samaki, machungwa na nepi za watoto. Kila kituo wanawake walituinulia madirishani mahindi ya kuchoma na kinywaji cha munkoyo kwenye vikombe vya plastiki. Tulilala Mutshatsha kwa mjomba, tukala asali na masega yake. Kasaji tulilala mara mbili, na kwenye bustani ya misioni nilikula machungwa mpaka midomo ikawasha. Nkambo aliniambia nina kazi moja tu Dilolo, kunyamaza.

Mdogo wake alikuwa amesimama kituoni, kwenye mchanga, mikono kiunoni, mwembamba, na macho yale yale ya nkambo. Alikiona kile kitenge. Midomo yake ikatetemeka. Akampokonya nkambo mzigo kwa nguvu, kama vile kuna mtu mwingine alitaka kuubeba.

"Yaya, umekonda."

"Kidogo," nkambo alisema, na akajitahidi kuinama kama aliyedhoofika.

Alikula bukari tonge baada ya tonge, samaki wa mchuzi wa karanga, akaongezwa, akaongezwa tena. Mdogo wake alikaa mbele yake bila kula, anamwangalia tu, uso umemng'aa. Tulikaa majuma mawili. Walilala chumba kimoja, na mimi nilisikia wanavyozungumza na kucheka kabla usingizi haujanichukua.

Siku moja mdogo wa nkambo alinichukua mimi peke yangu twende sokoni mpakani, kwenda na kurudi, nikaione Angola. Angola ilikuwa miti ileile na mchanga uleule, nikasikitika kidogo. Tulikaa tukila miwa. Akaniuliza bila kunitazama, "Kitunga ikizeeka, inaanzaka kuoza pembeni. Yenu ilipasuka katikati. Una kilo ngapi, mama?"

Nikatikisa kichwa, nikaitika, nikatikisa tena, sikujua lipi ni jibu.

"Hata ile uzi, niliona ni mikono ya mutoto," alisema. "Miaka tatu yaya ananitumia sukari, ananitumia bitenge. Kintu ya kutengeneza hakunitumiaka hata siku moja." Akatema makapi ya muwa, akanifuta mdomo kwa kiganja chake kigumu cha kusuka. "Usimwambie kama mi najua. Muache akule."

Sikumwambia. Nkambo alikwenda Dilolo miaka mitano mingine, kila mara na kile kitenge cha deki, na kila mara alikaribishwa kama mwenye njaa. Mmoja aliigiza, mwingine aliigiza kuamini, na mimi katikati nilikula vya wote wawili.

Wote wawili hawapo sasa. Mama wa samaki naye aliacha reli, na siku hizi treni nyingi zinazopita hapa zimebeba madini, hazisimami kusalimu mtu. King'ora sikisikii. Binti yangu alipomaliza kunisikiliza alichukua simu, akamwandikia mjukuu wa yule msukaji kule Dilolo, na jibu likaja kabla chai haijapoa: kuyeni. Nilifurahi, kweli nilifurahi, ila nilitamani asubiri walau juma moja, akae na ule wasiwasi wa kumwona mtu anakuja kwa mbali na mzigo kichwani.

Akafuta neno hoteli. Mimi nikapanda kwenye kiti, nikakishusha kile kitunga cha Dilolo kutoka ukutani kwangu, nikakiweka barazani ili akitie unga na sabuni vya kupeleka. Akaenda jikoni kutafuta unga na kitambaa cha kufunika. Nikabaki nacho peke yangu barazani. Matete yale ya manjano nayo yameshakuwa meusi, huwezi tena kuona yalipoungwa.

Niliangalia huku na huku. Kisha nikakikalia.

Kilibeba.