Fundi wa Yeoville

Machozi ya Arlène yalikauka wiki ya pili. Wiki hii ya tatu alikaa tu kando ya mumewe, Évariste, fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nesi akamvisha mgonjwa miwani mikubwa inayoonyesha bustani na watu wakipita, eti kuiamsha akili yake iliyoathirika.

"Unaona nini, papa?" Arlène akamuuliza mumewe.

"Yule bwana wa koti. Bega limeshonwa vibaya, linavuta."

Arlène akamtafsiria nesi, asiyejua lugha yao. Nesi akapiga makofi, akamvua miwani. Évariste akashika pindo la gauni la Arlène, alilomshonea mwenyewe Pasaka, akaligeuza kukagua mshono wa ndani.

"Kazi safi hii, mama. Fundi wako nani?"

"Ni wa Yeoville," Arlène akajibu. "Namngoja."