Ngano Inayonata

Mwanamke anayetugawia mbegu kwenye kituo cha utafiti hupiga magoti kila anapofungua gunia, kama anayemwamsha mtoto. Viganja vyake vimepasuka kwa vumbi, na sauti yake ni ndogo hata inabidi tunyamaze ndipo tumsikie. Punje ikidondoka sakafuni huiokota, huipuliza, huirudisha. Mimi hubeba magunia tu, na sijawahi kumwambia neno zaidi ya salamu.

Jana alikuja mzee Abu Ghayyath, ambaye tangu arudi kutoka kambi ya wakimbizi Uturuki hajapanda kitu. Mvua ya kwanza iko karibu, na asiyepanda wiki hii mwaka huu havuni. Alitazama namba iliyoandikwa kwenye gunia mahali pa jina la mbegu, akacheka. "Ngano ya namba! Basi nami nipeni namba mnipande." Yule mwanamke hakubishana. Alimpa punje chache. "Tafuna, ami." Ngano yetu ya zamani hujulikana mdomoni, ukiitafuna sana hunata kama ulimbo. Mzee alitafuna, taya zikaenda polepole, kisha zikasimama.

"Hii iliungua na ghala la baba yangu. Mmeitoa wapi?"

"Kabla ya vita watafiti walichukua konzi moja hapa kijijini, wakaitunza na kuizalisha ng'ambo. Imerudi, ami, kama wewe."

Mzee alitoa lile donge mdomoni, akalifunga kwenye leso. "La mke wangu. La sivyo ataniita mwongo." Kisha akapiga magoti kando ya yule mwanamke, wakalifungua gunia pamoja.