Ugoro Wangu, Pombe Yake

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mlevi, na mimi nilikuwa hodari wa kumsema. Nilimsema akiwapo na nilimsema akiwa hayupo. Miaka ile alikuwa kibarua wa kung'oa visiki kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, pale Nachingwea, na kila Jumamosi alirudi kwetu Ruponda akiipima njia kwa upana badala ya urefu. Mkewe alivumilia misimu mitatu ya kulima peke yake. Mtama wa mwaka ule ulipokaribia kuvunwa, alifunga mzigo, akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwao Narung'ombe. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningeondoka mapema zaidi.

Kwetu, mwenye neno juu ya mwanamke aliyeolewa ni mjomba wake. Mjomba wa wifi yangu alituma ujumbe mfupi: atakuja na mpwa wake siku ya kumi baada ya Idi, na akikuta mume ameacha pombe, mpwa wake atabaki. La sivyo, ndoa imekwisha. Kwa kuwa wajomba zetu sisi walishafariki, wa kusimama upande wa mdogo wangu nilikuwa mimi, dada mkubwa.

Ramadhani ikaingia. Mtama ulikuwa umevunwa, na kwa majirani wasiofunga pombe ilipikwa karibu kila wiki. Mdogo wangu, aliyekuwa ameacha kibarua arudi kuvuna mtama wake mwenyewe, alifunga mwezi mzima bila kugusa tone, si mchana wala usiku. Nilifurahi, ila furaha yangu ilikuwa na makali. Siku ya Idi, tukiwa tunakula, nikamwambia, "Unaona? Mwezi mzima! Kumbe siku zote ulikuwa unatufanyia makusudi. Kuacha ni kuamua tu."

Alicheka kidogo. "Ramadhani ilinishikilia, dada. Nyote mlifunga, nami nilikuwa katikati yenu. Kesho nitakuwa peke yangu. Wewe ugoro wako unaweza kuuacha?"

Ugoro! Nilianza kubwia ugoro nilipozaa mtoto wa kwanza. Bibi yangu alinipa nitulize maumivu ya jino, jino likang'oka, ugoro ukabaki. Ramadhani ile ile nilikuwa naingojea magharibi kwa ajili ya ugoro kuliko uji, na mchana nilikuwa mkali hata watoto wangu wakawa wanapita nyuma ya nyumba. Lakini sikuuhesabu kuwa kitu. Pombe imevunja nyumba. Ugoro umemvunjia nani? Nikamjibu, "Hata leo."

Basi tukapatana: mimi ugoro, yeye pombe, mpaka mjomba mtu atakapofika. "Tukiwa wawili nitaweza," alisema. "Nikishikwa na kiu nitajiambia, dada naye ameshikwa." Nikamkabidhi kikopo changu cha ugoro mbele ya watoto, kwa mbwembwe zote.

Siku ya kwanza niliumwa kichwa. Ya pili nilisahau chumvi kwenye mboga, nikamgombeza mume wangu kwa kuuliza. Siku ya nne nilikwenda kisimani, nikamkuta bibi kizee, jirani yetu, anasugua ugoro kiganjani, na harufu ikanifikia. Nakumbuka nilijiambia nitapita. Nakumbuka pia miguu yangu ikisimama. Nilinyoosha kiganja bila kusema neno, naye akanimiminia bila kuuliza. Niliona raha hadi machozi yakanitoka, halafu ikaja aibu. Kuanzia siku hiyo nilikwenda kisimani mara tatu kwa siku, na nyumbani maji yakawa tele.

Kila jioni mdogo wangu alipita kuniuliza, "Dada, bado umeshikilia?"

"Nimeshikilia," nilimjibu.

Alikuwa amekonda, lakini akisikia jibu langu alipata nguvu, akainua jembe lake na kwenda zake. Nilidhani namsaidia.

Siku ya tisa alikunywa. Siku ya kumi mjomba mtu akafika na wifi yangu, mtoto mgongoni. Tuliketi kwenye mkeka barazani kwangu. Mzee yule aliuliza swali moja tu, kwa upole: "Mwanangu, umeacha?"

Mdogo wangu angeweza kudanganya. Alikuwa ameoga, na usoni hakuwa na dalili yoyote.

"Sijaacha, mjomba. Jana nilikunywa. Tulipatana na dada yangu kila mtu aache chake, na yeye ameweza. Tumezaliwa tumbo moja, tumelelewa nyumba moja, naye ameweza. Basi kosa si la pombe, ni langu mimi. Sina la kujitetea."

Wifi yangu alinitazama. Wakati ule ule nilikuwa na ugoro chini ya mdomo. Ningesema ukweli, huenda mzee yule angefikiri upya. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Niliinamisha kichwa, wakadhani nina huzuni. Kabla ya adhuhuri waliondoka, mama na mtoto, na ndoa ikaishia pale.

Niliuficha uongo ule miaka saba. Mdogo wangu aliacha pombe, akairudia, akaacha tena, na kila aliporudia watu walimwambia hana msimamo kama dada yake. Maneno hayo yalinichoma, lakini niliyaacha yapite. Siku moja tukipukuchua mahindi, wawili tu, nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nilimweleza yote, kisima, bibi kizee na kiganja changu.

Vidole vyake viliendelea na gunzi. Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Ungeniambia jioni ile ile, dada," alisema mwishowe. "Tungeanza upya siku ya tano, wote wawili."

Nililia mbele yake, na yeye ndiye aliyenibembeleza.