Nyambizi Iliyostaafu

Kinyozi wa jirani na soko la Mbulu hupuliza mashine yake kila anapotaka kusema jambo, kama anayepoza chai, na akimaliza kichwa hukung'uta kitambaa mlangoni na kutangaza, "Haya, mpya kabisa!" Asubuhi ile kitini alikaa Baltazar, afisa mifugo, ambaye alimwambia mapema kwamba mchana wanamuaga kazini, anastaafu. Kinyozi, koti limefungwa hadi shingoni, akaitikia tu na kuanza habari za nyambizi ya nyuklia alizozisoma kwenye simu. Baltazar hakuelewa nyambizi inamhusu nini mtu wa Mbulu, ila vidole vya baridi vilikuwa vimemshika sikio, angekwenda wapi?

"Imezunguka chini ya bahari miaka na miaka, mzee, bila kujaza mafuta, bila kuonekana. Ikitoka kwenye matengenezo, inazama tena. Haijapiga hata kombora moja." Akapuliza. "Siku ya kustaafu wakaipigia bendi, wakashusha bendera. Halafu wakaivuta pembeni, ikatwe iwe chuma chakavu."

"Sasa miaka yote hiyo ilikuwa inafanya nini huko chini?"

"Hata mimi najiuliza, mzee."

Mashine ikanyamaza. Kinyozi alimtazama kwenye kioo, nusu ya kichwa mvi, nusu upara, akaiwasha tena. Alimalizia upande uliobaki. Akakung'uta kitambaa mlangoni, akakikunja vizuri, akakiweka. Baltazar akabaki kitini, akisubiri kuambiwa yeye ni mpya.