Karakana kwenye Reli ya Mdogo Wake

Wifi yangu ana kichwa kigumu, na hilo nalisema mbele yake, simsengenyi. Tunashirikiana chumba kimoja cha biashara. Upande wa dirishani kuna cherehani yangu na rundo la nguo za watu, upande wa mlangoni kuna mashine yake ya fotokopi, kompyuta yake, na kiti cha kupigia picha za pasipoti chenye shuka jeupe nyuma yake. Mtaa mzima unamwita Mama Fotokopi. Karatasi ikikwama ndani ya mashine, hamwiti fundi. Anaifungua tumbo lote, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ananong'ona matusi, na habanduki hapo mpaka karatasi itoke.

Mteja akijitia kusema, "Mama, acha tu, nitakwenda kwingine," anamkazia macho.

"Kwingine wapi? Kaa hapo."

Na mteja anakaa.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa mchezo wa treni, unategemea nini?

Aliyempa ni shemeji yangu, kitinda mimba wao. Wamezaliwa watatu: wifi ndiye wa kwanza, mume wangu ni wa katikati, na huyo wa mwisho wifi kamlea mgongoni, kila siku anatukumbusha kama tumesahau. Shemeji ni fundi wa majokofu, anafanya kazi mji wa mbali. Alipokuja likizo mwaka ule aliuweka mchezo kwenye kompyuta ya dada yake. Ndani yake kuna ramani kubwa yenye milima, mito na miji. Kila mchezaji ana kampuni yake ya reli, anajenga njia, anajenga stesheni, ananunua treni na kusafirisha watu na mizigo. Wifi akachukua rangi ya kijani, shemeji nyekundu. Ramani yenyewe inakaa mtandaoni, kwa hiyo hata mmoja akizima kompyuta, treni zake zinaendelea kutembea na mwenzake anaziona.

Wakawa wanacheza kila mtu na mji wake, huku wanatukanana kwa simu kwa raha zao.

"Stesheni gani hiyo umejenga, dada? Choo?"

"Choo hicho kinapakia abiria kuliko kampuni yako nzima, mjinga wewe!"

Mimi nilikuwa nashona huku nacheka. Halafu baba yao akafariki.

Siku ya mazishi tulimsubiri shemeji mpaka watu wakaanza kuangaliana. Hakutokea, na simu yake ilikuwa haipatikani. Tukazika. Tulikuwa tumesharudi nyumbani, watu wamekaa uani wanakunywa chai, ndipo akaingia. Wifi akamwahi mlangoni. Jamani, ulimi wa wifi yangu! Mbele ya ukoo mzima akamwambia, "Sisi tumeshazika. Wewe umefuata chai?"

Shemeji alimtazama dada yake, akageuka, akaenda zake.

Tangu siku hiyo simu ya wifi hapokei. Mume wangu alijaribu kuwapatanisha, kila upande ukamwambia asijiingize. Nami nilimwambia wifi aombe radhi yaishe, akanijia juu: "Mimi? Yeye ndiye aliyemwacha baba aende bila kumuaga, halafu mimi ndiye niombe radhi?" Nikarudi kwenye cherehani yangu. Ukibishana na wifi unajichosha mwenyewe.

Lakini treni nyekundu ziliendelea kutembea kwenye ramani. Kila asubuhi, kabla hata ya kuifunua mashine yake, wifi alikuwa anawasha kompyuta na kutafuta nyekundu. Akiona reli mpya au daraja jipya, anasema, "Yu mzima," basi, anaanza kazi. Alidhani simsikii.

Asubuhi moja nikaona hasemi kitu. Ameshika kipanya, hakisogei.

"Kuna nini?"

"Treni zake zinatoa moshi."

Ikabidi aniketishe na kunieleza. Katika mchezo ule treni inachoka. Kila baada ya muda lazima iingie karakana, kile kibanda cha kufanyia matengenezo kinachojengwa ubavuni mwa reli. Isipoingia, inaanza kuharibika njiani, inasimama, inazuia za nyuma. Shemeji alikuwa na karakana moja tu, bondeni, na mto ulifurika ukaisomba. Ndiyo, hata mafuriko yamo humo. Mtu yeyote angeijenga upya siku hiyo hiyo. Yeye hakuijenga. Hakuwa ameingia kwenye mchezo kwa siku kadhaa, na juu ya ramani pameandikwa kwamba kampuni nyekundu itafutwa mwaka ukiisha kama treni zake hazijatengenezwa. Na mwaka wa mchezo, mwenzangu, ni kama wiki moja tu ya kwetu.

"Si mchezo, wifi? Ufutwe, kwani nini?"

Aligeuka akanitazama, na sijawahi kuona uso wake vile. "Hapokei simu yangu. Sijui anakula wapi, sijui analala wapi. Hizi treni ndicho kitu pekee cha kwake ninachokiona. Zikifutwa, nimempoteza mdogo wangu. Umeelewa?"

Nilielewa. Nikamuuliza mbona hamwandikii. Akasema, "Naandika, nafuta." Kisha akavuta kiti mbele. "Hafutwi mtu hapa."

Treni za shemeji asingeweza kuzigusa, kwa kuwa si zake. Ila sheria za mchezo zinamruhusu mtu kujenga karakana na kuiunganisha na reli ya jirani, na treni iliyochoka hutafuta yenyewe karakana iliyo karibu, haiulizi ni ya nani. Wifi akachagua mahali, mdomoni mwa daraja, pale ambapo kila treni nyekundu lazima ipite. Akajenga. Mlango wa karakana ukagusa reli kuu yenyewe. Akasugua mikono, akainuka kumpigia mtu picha ya pasipoti.

Aliporudi, alipiga yowe mpaka nikajichoma sindano.

Loo! Daraja zima lilikuwa limeziba. Unajua alichofikiri? Alifikiri karakana ni kama mashine yake ya fotokopi, karatasi inaingia huku inatokea kule. Kumbe karakana ina mlango mmoja tu. Treni ikiingia, inatoka kwa mlango ule ule, na pua yake inaelekea ilikotoka. Ya kwanza ilitoka ikakutana uso kwa uso na ya pili juu ya daraja, na nyuma ya ya pili ipo ya tatu. Zilizokuwa zinajikokota sasa zimesimama kabisa.

"Umemmaliza kabisa," nikamwambia. Sikukusudia kumuumiza, mdomo tu.

"Kaa kimya ushone."

Aliibomoa ile karakana. Akajaribu upande wa pili wa daraja, mlima ukamkatalia. Akajaribu chini zaidi, ardhi tope, haijengeki. Wateja nao hawakomi. Mwalimu mmoja alileta mitihani ya kunakili akapewa kurasa zimegeuzwa juu chini. Bwana mmoja alipigwa picha amefumba macho, akalalamika, wifi akamwambia amshukuru Mungu ana macho ya kufumba. Ikabidi niache cherehani niende kupiga picha mimi, na mimi na ile kamera hatujawahi kuelewana.

Siku zikawa zinakwenda, mwaka wa mchezo unakwenda nazo. Mume wangu alipita kutusalimia, akatukuta sote wawili tumeinamia kompyuta, akauliza kama kuna msiba mwingine. Wifi akamfukuza.

Mwishowe aliligundua tatizo. Karakana isikae kwenye reli kuu. Inatakiwa kuwa na reli ya pembeni, treni itoke kwenye njia kuu, iingie karakana, itoke, izunguke, irudi njia kuu mbele zaidi bila kukutana na mwenzake. Jambo lenyewe rahisi. Ila reli ya kuzunguka inataka ardhi tambarare, pana, karibu na daraja, na ardhi ya namna hiyo ilikuwa moja tu. Juu yake ilikaa Stesheni Kuu ya kijani.

Hiyo Stesheni Kuu msiichukulie hivi hivi. Ndiyo aliyoanzia mchezo, na treni zake zote hupita pale. Alikuwa anaionyesha hata kwa wateja wasiojua treni wala nini: "Umeona? Nimeijenga mimi." Bila ile stesheni, kampuni yake inabaki vipande vipande vya reli visivyokwenda popote.

"Wifi, hapana," nikasema. "Hiyo ni kazi yako yote."

"Najua ni kazi ya nani."

"Na hujui hata kama atarudi."

"Sijui," akasema, na akabonyeza. Jukwaa la kwanza likatoweka kwa kishindo na vumbi. Alibomoa jukwaa moja baada ya jingine, midomo ameibana, hakupumzika hata kunywa maji. Mimi ndiye niliyeona uchungu. Mimi niliyekuwa nauita upuuzi.

Pale pakiwa peupe akaanza kupanga. Kila karakana kabla ya kuijenga aliizungusha, akachungulia mlango unatazama wapi, akafuata njia kwa kidole juu ya kioo, treni ikitoka hapa inakwenda wapi, na hii je? Aliweka karakana mbili, moja kwa treni za kwenda, nyingine kwa za kurudi. Alipounganisha kipande cha mwisho cha reli, mwaka wa mchezo ulikuwa ukingoni. Tukasubiri.

Treni ya kwanza ilikuja inachechemea, moshi juu. Ikafika njia panda, ikasimama.

"Ingia," wifi akaiambia. "Ingia, mama, ingia."

Ikaingia. Ikakaa humo. Kisha ikatoka safi, ikazunguka, ikashika njia kuu, ikapanda daraja. Wifi hakushangilia. Aliingoja ya pili, na ya tatu, mpaka zote zikapita, na yale maandishi juu ya ramani yakabadilika: kampuni nyekundu imenusurika. Ndipo akaegemea kiti.

Kesho yake mchana nilikuwa natia pindo gauni la mtu, nikasikia kompyuta inalia. Wifi akaniita kwa sauti ambayo haikuwa yake. Nikaenda mbio na gauni mkononi. Kuna sehemu ya chini pale ambapo wachezaji wanaandikiana, na maandishi mekundu yalikuwa yametokea.

"Nani kajenga hapa?"

Wifi akaandika, "Mimi."

"Stesheni yako kuu iko wapi?"

"Nimebomoa."

Maandishi mekundu yakatokea tena, "Kwa nini? Mimi nilishaamua kuiacha ife. Mchezo umeniletea taarifa kwamba imenusurika, nikaona haiwezekani."

Wifi akaanza kuandika. Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Nikapandwa na hasira.

"Wifi, ukifuta tena nakukata hivyo vidole na mkasi huu, haki ya Mungu!"

Akaandika, na safari hii akatuma. "Siku ya kumzika baba nilikusema vibaya. Nilikuwa na uchungu nikakutupia wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

Tulikaa tunatazama kile kioo. Mteja alikuja na kitambulisho anataka kopi, nikamfanyia ishara angoje nje. Treni nyekundu zilikuwa zinaingia karakana na kutoka. Hatimaye yakaja maneno yake.

"Basi liliharibika njiani, dada. Simu ilizima. Gari jingine halikupita. Nilitembea usiku kucha na asubuhi yote ili niwahi kumuona baba. Nimefika, hukuniuliza hata nimefikaje."

Wifi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Ile sauti iliyotoka ndani yake sitaki kuisikia tena. Nami nililia, nikajifuta kwa gauni la mteja, nilikuja kulifua baadaye. Kisha akachukua simu, akapiga. Ikaita. Ikaita tena. Nilimshika bega, nikawa naomba moyoni, pokea, shemeji, pokea.

Akapokea. Tulisikia pumzi yake.

"Mdogo wangu," wifi akasema, machozi yanamshuka. "Sikukuuliza. Nakuuliza sasa. Ulifikaje?"

Shemeji akaanza kusimulia, tangu basi lilipozimika. Na wifi yangu, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.