Daraja Kwenye Shamba la Nduma

Hata leo nikiikumbuka siku ile moyo unanienda mbio. Nilikuwa luteni mwanafunzi, digrii ya uhandisi mkononi, miezi ya kutambaa matopeni nimeshaimaliza. Mtihani wa mwisho wa kozi ulikuwa huu: niongoze askari thelathini tujenge daraja la vyuma juu ya mto mmoja huko Meru, na lori lipite kabla ya saa kumi. Ukipita, unaingia kikosi cha wahandisi: madaraja, visima, kutegua mabomu. Ukianguka, unapelekwa kwa askari wa miguu na digrii yako unaifungia sandukuni. Mimi nilitaka madaraja, basi.

Na kuna desturi. Lori la kwanza likipita, aliyeongoza kazi husimama chini ya daraja.

Nilichagua ukingo safi, tambarare, mkavu. Nikajisifu moyoni. Tulikuwa tumeshapanga nusu ya vyuma pale mama mmoja alipoteremka na jembe begani, akatuangalia kwa huruma.

"Mwanangu, hapo nimetoa nduma juzi tu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mimi, mtoto wa Githongo, papo hapo Meru, niliyelelewa kwa nduma na chai! Nani kwetu asiyejua kwamba nduma hupandwa penye maji? Nilimwomba jembe, nikapiga mara mbili. Chini ya ule ukoko mkavu, tope tupu.

Sajini wangu akaninong'oneza, "Afande, saa sita hii. Tukihama hatumalizi."

"Tukibaki, atakayesimama chini ni mimi," nikamjibu. "Hamisha."

Tulivyokimbia siku hiyo, wacha tu. Tulibeba vyuma mabegani hadi kwenye mwamba aliotuonyesha yule mama, hatua kama sitini upande wa juu wa mto. Nami nilibeba, huku nacheka kama mwendawazimu. Mkufunzi aliyekuwa akinipima alisimama kando, macho kwenye saa yake. Pini ya mwisho ya kuunganisha vyuma iliingia zikiwa zimebaki dakika nne.

Nikashuka chini. Lori likaja, vyuma vikalia juu ya kichwa changu, vumbi likanimwagikia usoni, na daraja halikuyumba. Furaha ile sijaipata tena, hata siku ya kuvishwa cheo.

"Umepita," mkufunzi akasema.

Jioni nikampigia mama yangu simu, nikamsimulia yote, nikingoja sifa.

"Kumbe mpaka uonyeshwe na mama wa watu," akasema. "Na mimi nilikuwa nakutuma mtoni kwenye nduma ukafanye nini?"

Halafu nikamsikia akimweleza baba, sauti ikimtetemeka, kwamba nilisimama chini ya lori na niko mzima.